Makala za Utafiti wa Tiba Husomwa Bila Malipo

Utafiti wa tiba unaogharimiwa kwa kodi unapaswa kumfikia mwananchi. Kwa muda mrefu haikuwa hivyo: makala nyingi zilifungiwa katika majarida ya bei ghali, na tabibu wa zahanati aliambulia muhtasari tu.

Mwaka 2000 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilianzisha hifadhi ya PubMed Central, ambamo makala kamili husomwa bure kwa njia ya intaneti. Tangu Aprili 2008, watafiti wanaofadhiliwa na Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo, wakiwemo wanaofanya kazi Tanzania, wanawajibika kuweka humo makala zao. Awali ziliweza kuzuiwa kwa muda usiozidi miezi 12. Kwa makala zilizokubaliwa kuchapishwa kuanzia tarehe 1 Julai 2025, kizuizi hicho kimeondolewa.

Msomaji hahitaji kujisajili. Mwenye simu ya intaneti huandika jina la ugonjwa kwa Kiingereza, mathalani la kifua kikuu, akapata makala husika. Hata hivyo, makala moja si cheti cha dawa: ni vyema aipeleke kwa tabibu kabla ya kubadili matibabu.