Nusu Iliyobaki ya Chanjo ya Malaria

Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliiweka Kigoma juu ya mikoa yote ya Tanzania Bara: karibu mtoto mmoja kati ya wanne walio chini ya miaka mitano alikutwa na vimelea katika damu, wakati wastani wa Bara ulikuwa kama asilimia 7. Kwa hiyo mzazi wa Kabanga, au wa kijiji chochote kati ya Kasulu na Kibondo, akisikia redioni kwamba dunia sasa ina chanjo mbili za malaria, ana haki ya kuuliza zinafanya kazi gani hasa, na zitafaa kiasi gani huku ambako mtoto huumwa na mbu wenye vimelea mwaka hadi mwaka. Jibu langu ni kwamba chanjo hizo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili imekuwa ikitafutwa kwa miaka mingi na wataalamu wa kinga kama Faith Osier wa Kenya, na sehemu zenye maambukizi mazito, kama nyanda za juu za Kigoma, ndizo zinazoihitaji zaidi.

Tuanze na kimelea chenyewe. Mbu jike akimuuma mtu humwaga vimelea vichache chini ya ngozi, na kwa muda wa kama saa moja hivi vinakuwa vimeshafika kwenye ini. Huko hujificha karibu wiki nzima bila mwenyewe kuhisi lolote, kila kimoja kikizaa maelfu, ndipo vinapomwagika kwenye damu. Homa, upungufu wa damu na degedege vyote vinatokana na hatua hii ya damu: kimelea huingia ndani ya chembe nyekundu, huzaliana humo, huipasua, na wazao wake hutafuta chembe nyingine, mzunguko wa takribani saa 48. RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021, na R21, iliyofuata Oktoba 2023, zote zimejengwa juu ya protini moja inayokifunika kimelea kile cha mwanzo, cha kabla ya ini. Kikizuiwa pale, ugonjwa hautokei. Kikipenya hata kimoja, chanjo haina la kufanya tena, kwa sababu vimelea vinavyotoka kwenye ini vimevaa vazi jingine kabisa.

Sasa mwangalie mtu mzima wa Kasulu aliyezaliwa na kukulia hapo. Naye huumwa na mbu walewale, lakini akipata malaria mara nyingi ni uchovu na viungo kuuma. Anameza dawa ya mseto na baada ya siku mbili tatu yuko kwenye maharage yake. Mtoto wake, kwa maambukizi hayohayo, anaweza kuhitaji kuongezewa damu. Tofauti hiyo inajulikana tangu zamani, na mwaka 1961 huko Gambia, Sidney Cohen, Ian McGregor na mwenzao Carrington walionyesha inakokaa: walichukua kingamwili kutoka katika damu ya watu wazima, wakawadunga watoto wagonjwa, na vimelea vikapungua kwa kasi. Hapo ilikuwa wazi kwamba damu ya mtu mzima ina silaha, na silaha hizo hupiga kimelea kikiwa kwenye damu. Kilichobaki kisichojulikana ni zipi kati ya nyingi. Kimelea kina protini zaidi ya 5,000, na mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya nyingi sana kati ya hizo, za maana na zisizo na maana.

Hilo ndilo swali ambalo Osier amelifanya kazi ya maisha. Alisomea udaktari Nairobi, akahudumia watoto hospitalini Kilifi, kisha akaingia maabara katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome papo hapo Kilifi. Mwaka 2008 yeye na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mtoto mwenye kingamwili dhidi ya protini nyingi kwa mkupuo, tena kwa kiwango kikubwa, ndiye aliyekingika zaidi dhidi ya kuugua. Mwaka 2014 walipima protini 36 za kimelea cha hatua ya damu, wakakuta mchanganyiko wa kingamwili dhidi ya protini chache tu, hadi tano, ukiendana na kinga iliyokaribia kuwa kamili kwa watoto waliofuatiliwa. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Afrika ya Royal Society ya Uingereza, na baadaye akawa rais wa umoja wa kimataifa wa vyama vya wataalamu wa kinga. Kwangu mimi, lililo zito kuliko tuzo ni kwamba aligeuza njia ya kutafuta chanjo: badala ya kuanza na protini inayopendeza maabara, alianza na mtu ambaye haugui, akauliza ana nini mwenzake hana.

Chombo ambacho yeye na wenzake hupimia kingamwili kinastahili kutazamwa kwa karibu. Ni kipande cha kioo mfano wa kile cha kupimia malaria kwa hadubini, ila juu yake mashine imedondosha vitone vidogo kuliko ncha ya kalamu, kila kitone protini yake, zaidi ya 100 kwa jumla. Ukimwagia maji ya damu ya mtu, kingamwili zake hunata pale zinapokuta protini zinazozifahamu. Kisha hupakwa rangi maalumu, kioo kinamulikwa, na vitone vinang'aa, kingine kwa nguvu, kingine kwa mbali, kingine giza tupu. Tone moja la damu linatoa historia nzima ya mtu na malaria. Na si Kilifi pekee palipofanyika kazi ya namna hii. Mwaka 2014 watafiti waliokuwa wakiwafuatilia watoto wa Muheza, Tanga, walitangaza protini nyingine ya hatua ya damu, iliyopewa jina PfSEA-1, baada ya kulinganisha damu ya watoto wa miaka miwili waliokingika na ya wenzao waliokuwa wakiugua.

Kwa nini nasema nusu hii inahitajika zaidi Kigoma? Ushahidi mkubwa unatoka Kilifi kwenyewe. Ally Olotu, ambaye baadaye aliongoza majaribio ya chanjo Bagamoyo chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, aliwafuatilia na wenzake watoto 447 kwa miaka saba, baadhi wakiwa wamepata dozi tatu za RTS,S. Mwaka wa kwanza chanjo ilikinga kwa karibu asilimia 36. Ukijumlisha miaka yote saba, ilibaki asilimia 4.4. Katika kundi lililokuwa likikutana na maambukizi mengi, ilipofika mwaka wa tano waliochanjwa waliugua zaidi kuliko wasiochanjwa. Maelezo yanayoingia akilini ni haya: chanjo ilipunguza vimelea vinavyofika kwenye damu, na hivyo ikapunguza pia nafasi ya mwili kujifunza kupambana navyo huko. Ilipoisha nguvu, mtoto alibaki na umri mkubwa na kinga changa. Mahali penye mbu wachache jambo hili halionekani sana. Penye mbu wengi linaonekana.

Yupo atakayesema huku ni kuwatisha wazazi, na ana hoja. Watoto wale hawakupata dozi ya nne, ambayo sasa ni sehemu ya ratiba. Tena asilimia peke yake hudanganya. Katika jaribio kubwa la RTS,S, lililoandikisha watoto 15,459 katika nchi saba, Korogwe na Bagamoyo zikiwemo, watoto 1,000 waliopata dozi nne waliepushwa wastani wa vipindi 1,774 vya malaria kwa miaka minne. Idadi hiyo ilianzia 205 mahali penye malaria kidogo na kufika 6,565 palipozidi. Asilimia ndogo ya ugonjwa mwingi ni watoto wengi. Na katika maeneo ya majaribio ya utekelezaji Ghana, Kenya na Malawi, vifo vya watoto wa umri uliolengwa vilipungua kwa asilimia 13, vya sababu zote. Kwa hiyo sisemi Kabanga isubiri. Chanjo iliyopo itolewe na kadi ya kliniki ijazwe hadi dozi ya nne, na chandarua kibaki juu ya kitanda. Ninachokataa ni kudhani kwamba kazi imekwisha.

Pingamizi gumu zaidi ni la wanasayansi wenyewe: chanjo za hatua ya damu zimeshajaribiwa na kuanguka. Ni kweli. Huko Mali, jaribio la protini ya AMA1 lililochapishwa mwaka 2011 lilitoa kinga ya asilimia 17 tu, isiyotofautika na bahati. Lakini dhidi ya vimelea vilivyofanana na kile kilichotumika kutengenezea chanjo, kinga ilifika asilimia 64. Yaani silaha ilikuwa kali, shabaha ndiyo iliyokuwa ikibadilika. Ndiyo maana macho yamegeukia RH5, protini isiyobadilika sana ambayo kimelea hakiwezi kuingia kwenye chembe nyekundu bila kuitumia. Ilijaribiwa Bagamoyo, na huko Nanoro, Burkina Faso, mwaka 2024 ilionyesha kinga ya asilimia 55 kwa miezi sita. Ni mwanzo wa heshima, ingawa hoja ya Osier ya protini nyingi kwa pamoja bado haijapata jaribio la ukubwa unaostahili.

Ndiyo maana natamani utafiti wa namna hii ufanyike Kigoma pia. Mwingine atauliza kama damu ya Kigoma inahitajika kweli, ikiwa mwaka 1963 kingamwili za watu wa Afrika Magharibi ziliwatibu watoto wa Afrika Mashariki. Shabaha za msingi ni zilezile, nakubali. Kinachotofautiana ni kasi ya kuzijua. Mtoto wa bonde la Malagarasi na wa miinuko ya Heru Juu wako mkoa mmoja, lakini hawawezi kutarajiwa kukutana na mbu kwa kiwango kimoja. Katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta wamekuwa wakiishi watu waliotoka Burundi, kila mmoja na historia yake ya malaria. Kuijua tofauti hiyo si kazi ya gharama za kutisha: damu kidogo ya watoto mia kadhaa kila mwaka, friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri yenye umeme usiokatika, ridhaa ya wazazi waliyoelezwa kwa Kiha wakaielewa, na daftari la kliniki linalotunzwa vizuri. Lakini ina muda wake. Kingamwili alizokuwa nazo mtoto kabla ya dozi ya kwanza haziwezi kupimwa baadaye, hivyo sampuli za mwanzo ni lazima zichukuliwe kabla sindano haijaanza kutolewa mahali husika.