Mashine Zikweazo

Bila shaka umewahi kumtazama mkwezi akipanda mnazi. Huukumbatia mti, hukaza nyayo, huinua mwili, kisha hukaza tena. Mikono na miguu haiachii pamoja hata mara moja. Basi mafundi wanaobuni roboti za kukwea minara na madaraja wanasumbuliwa na jambo lilo hilo: mashine itajishika kwa kitu gani, tena itasogeaje bila kuachia?

Penye chuma kazi ni nafuu, maana magurudumu ya sumaku hunata. Lakini sumaku haishiki saruji. Hapo wengine hutumia vikombe vya mpira vinavyofyonza hewa. Ukuta ukiwa na nyufa hewa hupenya, na mashine huanguka. Penye kamba nene za daraja, mashine huikumbatia kamba pande zote kwa magurudumu yaliyobanwa na springi. Huyo ndiye mkwezi wetu! Na kila ukiongeza kamera au betri, uzito unazidi, nao wadai mshiko wenye nguvu zaidi.

Pengine utauliza: taabu yote hii ya nini, na watu wapo? Sikiliza habari ya mji wa Genova, Italia. Daraja la Morandi, lililofunguliwa mwaka 1967, lilishikiliwa na mikono mirefu ya saruji yenye nyaya za chuma ndani. Saruji ilikusudiwa kuzilinda nyaya. Kumbe ilizificha pia. Kutu ikala gizani, jicho lisione. Mwaka 1979 Riccardo Morandi mwenyewe, mhandisi aliyelibuni, aliandika kuonya kwamba hewa ya bahari na moshi wa viwanda vinaliharibu. Katika miaka ya 1990 mikono ya mnara mmoja iliongezewa nyaya kwa nje. Mnara wa 9 haukupata bahati hiyo. Tarehe 14 Agosti 2018, mkesha wa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, mvua ikinyesha na familia nyingi zikiwa safarini, mnara huo ulianguka pamoja na barabara yake. Watu 43 walikufa.

Daraja jipya lilifunguliwa Agosti 2020. Lilibuniwa na Renzo Piano, mzaliwa wa mji huo huo, nalo likatengenezewa roboti nne: mbili za kupita chini ya barabara zikipiga picha, mbili za kusafisha vioo vya kuzuia upepo na paneli za jua. Hizo hazihitaji kunata kama mjusi, kwa kuwa zilikusudiwa kutembea juu ya reli zilizofungwa ubavuni mwa daraja. Kwangu mimi hapo ndipo penye akili: fundi ajengaye nyumba huku akifikiri ngazi itaegemezwa wapi siku ya kuziba paa.

Picha za leo hulinganishwa na za jana, ili ufa ukikua ujulikane mapema. Kulifunga daraja, hata hivyo, bado ni amri ya mtu. Onyo la Morandi lilikuwa limekwisha kuandikwa miaka 39 kabla ya mvua ile.