Sehemu za Huduma na Sehemu Hudumiwa katika Majengo ya Sayansi

Aghalabu istilahi huharibika si kwa sababu mfasiri haijui lugha, bali kwa sababu hakijui kitu kinachotajwa. Makala haya yanaeleza jozi moja ya istilahi za usanifu majengo, ambayo kila anayefasiri habari za maabara za chuo kikuu hana budi kuifahamu.

Jozi hiyo ilienezwa na msanifu majengo wa Marekani, Louis Kahn (1901–1974). Kwa ramani zake ilijengwa Maabara ya Richards ya Utafiti wa Tiba, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, kati ya mwaka 1957 na 1960. Maabara hutoa mvuke wa kemikali na harufu za wanyama wa utafiti, na hewa hiyo haifai kurudi wanamofanyia kazi watu. Basi Kahn alizitia ngazi na njia za kutolea hewa chafu katika minara ya matofali iliyosimama kando ya vyumba. Nguzo nazo hazikuwekwa katikati ya vyumba, hata sakafu ikabaki wazi.

Hivyo jengo liligawanyika mafungu mawili, naye akayapa majina yatokanayo na kitenzi kimoja chenye maana ya kutumikia: fungu litumikialo na fungu litumikiwalo.

Hapa mfasiri hukabiliwa na mitego mitatu. Kwanza, akiandika "vyumba vya watumishi", msomaji ataelewa makazi ya watu. Karani anayekadiria gharama atahesabu vitanda na kuzisahau dohani. Pili, akiandika "nafasi za kazi", itadhaniwa ni tangazo la ajira. Tatu, akiandika "sehemu zihudumiazo" na "sehemu zihudumiwazo", kinachozitenga ni herufi moja tu. Mpiga chapa akiidondosha, maana hupinduka.

Kwa hiyo tunapendekeza "sehemu za huduma" kwa ngazi, mabomba, lifti na njia za hewa, na "sehemu hudumiwa" kwa maabara, madarasa na ofisi. Shina ni lile lile, lakini maumbo hayachanganyiki. Kwa mfano: "Kila sehemu hudumiwa iunganishwe na sehemu yake ya huduma."

Tuzijaribu istilahi hizo kwa jengo jingine. Katika Taasisi ya Salk huko La Jolla, California, iliyokamilika mwaka 1965, Kahn aliweka ghorofa nzima ya mabomba juu ya kila ghorofa ya maabara, ili fundi atengeneze pasipo kumsumbua mtafiti. Mahali hapo si chumba, si mnara, wala si dari; lakini jina "sehemu ya huduma" linapaenea barabara.

Istilahi njema hutaja kazi ya kitu kabla ya umbo lake. Wasomaji wenye pendekezo lililo bora zaidi wanakaribishwa kulitoa.