Mashine ya Eksirei Yataka Mtu: Tusomeshe Kijana Gani, na Vipi?

Vikundi vya kujisaidia huku ng'ambo ya kisiwa, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, vimezoea kuchangia ada za vijana wanaosomea ualimu au uuguzi. Kazi ya kupiga picha za eksirei haitajwi sana. Wengi wetu twamwona yule mtu wa eksirei dakika tano tu. Anatwambia "simama hapa, vuta pumzi, usitikisike," anaingia nyuma ya ukuta, basi imekwisha. Twadhani kazi yake ni kubonyeza kidude. Kama ni hivyo tu, kwa nini asome miaka mitatu?

Hebu tuanze na mashine zenyewe. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianza mpango wa kukodisha mitambo ya hospitali, zikiwemo eksirei za kisasa, ili kila kaunti ipate hospitali mbili zenye vifaa. Kamati ya Seneti ilichunguza mpango huo, na ripoti yake ya mwaka 2020 ilieleza kwamba baadhi ya mitambo ilikaa bure. Pengine umeme au maji hayakutosha, na pengine hapakuwa na mtu aliyefundishwa kuitumia. Kwa mgonjwa wa Likoni aliyevunjika mguu, mashine isiyo na mtu ni sawa na kukosa mashine: itambidi apande feri avuke na maumivu yake hadi Hospitali Kuu ya Pwani, kule Makadara.

Sasa, mwanafunzi anafundishwa nini? Kwanza mwili wa binadamu, mfupa kwa mfupa, maanake huwezi kupiga picha ya kitu usichojua kilipo. Pili fizikia ya miale. Halafu anapelekwa hospitalini kufanya kazi chini ya macho ya waliomtangulia, na hapo ndipo utundu wa kazi hujulikana.

Chukueni picha ya kifua, ile ya kutafuta kifua kikuu. Mgonjwa anayeweza kusimama huwekwa kifua kwenye ubao na miale ikatoka mgongoni. Kwa nini? Moyo umekaa upande wa mbele. Ukiwa mbali na ubao, kivuli chake hutanuka, na daktari anaweza kudhani umevimba. Mabega nayo husukumwa mbele ili mifupa ya bega isifunike mapafu. Pumzi huvutwa ndani kabisa, kwa sababu pafu lisilojaa hewa laweza kuonekana kama lina ugonjwa. Kosa moja dogo hapo, na mtu aweza kuanzishiwa dawa zisizomhusu, au mwenye ugonjwa akarudishwa nyumbani. Mfupa uliovunjika nao kwa kawaida hupigwa picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, kwa sababu ufa unaweza kujificha upande mmoja.

Vijana wengine husema kompyuta imerahisisha kila kitu. Si kweli, na hapa tunaomba msomaji atusikilize vizuri. Zamani filamu iliyopigwa miale mingi kupita kiasi ilitoka nyeusi, na kosa likaonekana na kila mtu. Siku hizi kompyuta huirekebisha picha hiyo ikapendeza, hata kama mgonjwa amepigwa miale kuliko alivyohitaji. Asiyefundishwa hatajua. Atazidi kuongeza kila siku huku picha zikisifiwa.

Miale hiyo si ya kuchezea. Mjerumani Wilhelm Röntgen aliigundua Novemba 1895, na katika miaka ya mwanzo wapigaji picha wengi walipata vidonda na saratani, wengine wakakatwa vidole, kwa kuwa hawakujua kujikinga. Leo mwanafunzi hufundishwa mambo matatu: kukaa penye miale muda mfupi, kusimama mbali, na kuweka kinga ya risasi katikati (madini ya risasi, si ya bunduki!). Ukirudi nyuma umbali mara mbili, miale inayokufikia hubaki robo. Tena hufundishwa kumwuliza kila mwanamke wa umri wa kuzaa kama ana mimba, na kuuliza kwa heshima, bila kumwaibisha mbele ya watu.

Lakini tusiogope kupita kiasi. Picha moja ya kifua ina miale kidogo, sawa na ile tunayopata kwa siku chache tu kutoka ardhini na angani. Wenzetu wa Kwale karibu na kilima cha Mrima hupata ya ardhini zaidi yetu, kwa sababu ya madini ya thoriamu yaliyoko kule. Na ultrasaundi ya mama mjamzito haina miale hii kabisa. Hutumia mawimbi ya sauti.

Kuhusu chuo: KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya matibabu, hutoa diploma ya kazi hii kwa miaka mitatu. Kijana awe na wastani wa C katika KCSE, na alama zake za Baiolojia na Fizikia hutazamwa. Kwa hiyo anayeacha Fizikia kidato cha tatu ati ni ngumu, aelezwe mapema mlango anaoufunga. Maombi siku hizi hupitia KUCCPS. Anayetaka digrii aweza kwenda chuo kikuu cha JKUAT. Daktari bingwa anayesoma picha ni mtu mwingine. Huyo husomea udaktari kwanza, kisha huongeza miaka ya ubingwa.

Jihadharini na watu wanaotangaza kozi ya eksirei ya miezi sita. Kabla ya mweka hazina kutoa hata shilingi moja, wazee wawili wa kikundi waende chuoni wenyewe, waone kibali cha kufundisha kozi hiyo hasa, na waulize wanafunzi hufanyia mazoezi hospitali gani. Chuo kisicho na hospitali hakifundishi eksirei. Ada ilipwe benki kwa jina la chuo, si kwa simu ya mtu.

HELB hutoa mikopo kwa wanafunzi wa KMTC pia, kwa hiyo kikundi hakilazimiki kubeba mzigo wote. Mara nyingi kinachomrudisha mtoto nyumbani si ada, ni kodi ya chumba, chakula na nauli wakati wa mazoezi hospitalini. Hapo ndipo mchango wa kila mwezi, hata mdogo, hufaa kuliko harambee moja kubwa. Matokeo ya KCSE miaka hii ya karibuni yametoka Januari. Kikundi chenye mtoto anayengoja matokeo kiliweke jambo hili kwenye ajenda ya mkutano wa Desemba.