Marafiki Milioni Moja

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za sinema moja ya Marekani iitwayo The Social Network, iliyotoka mwaka 2010. Iliongozwa na David Fincher, na maneno yake yaliandikwa na Aaron Sorkin. Yaeleza jinsi Mark Zuckerberg, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, alivyoanzisha Facebook mwaka 2004.

Mwanzoni twamwona kijana huyo mezani pamoja na mchumba wake. Anasema mbio mbio, na hamu yake kubwa ni kukubaliwa katika vyama vya wateule pale chuoni. Msichana akisema, yeye hasikilizi. Mwishowe msichana anachoka, anamwacha. Basi angalieni vema: kijana huyu hahangaikii fedha. Anataka kutambuliwa.

Anaye rafiki mmoja wa kweli, Eduardo Saverin, ndiye atoaye fedha za kwanza. Kazi inakua, inahamia California, na rafiki anaachwa nyuma. Siku moja anaitwa ofisini, akidhani amekuja kushangilia kufika kwa wanachama milioni moja. Kumbe sehemu yake katika kampuni imepunguzwa hata kubaki asilimia 0.03. Siku ile ile ya kuhesabu marafiki milioni, yule mmoja anapotea.

Tena, sinema haitupi nafasi ya kufurahia ushindi. Kila mara inaturudisha katika chumba cha mawakili, ambako marafiki wawili wameketi wakitazamana kama mshitaki na mshitakiwa, meza kati yao. Hivyo kila hatua ya kupanda twaiona pamoja na gharama yake. Mwisho kabisa wote wameondoka. Kijana amebaki peke yake na kompyuta. Anatafuta jina la yule msichana wa mwanzo, anaomba awe rafiki yake, kisha anabonyeza tena na tena aone kama amejibiwa.

Hatusemi kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa. Zuckerberg mwenyewe alisema kuwa sinema ilikosea juu ya nia yake. Mchezo ni mchezo, wala si kazi yetu kumhukumu mtu. Lakini kioo hiki chatuonyesha na sisi.

Maana kupenda kufanikiwa si dhambi. Hatari ni pale watu wanapogeuka kuwa hesabu. Sisi wachungaji twalijua jambo hili: twahesabu waliofika ibadani, twafurahi kanisa limejaa, wala hatujui ni nani aliyekaa kiti cha nyuma, akatoka bila kusalimiwa.

Ndugu zetu, pengine yuko mtu aliyetushika mkono tulipokuwa hatuna kitu, nasi tulipopanda tukamsahau. Tusimngoje atutafute. Kabla jua halijatua, twende tukampigie hodi.