Vijiti vya Kuchomelea: Vinunue kwa Akili, Vitunze Vikavu

Siku hizi vijiji vingi vya Tanzania vina umeme. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007. Tangu wakati huo nguzo zimefika mahali ambapo zamani palikuwa na vibatari tu. Umeme ulipofika, mashine za kusaga zilifuata. Baada ya hizo zikaja mashine za kuchomelea. Leo plau ikivunjika si lazima uipeleke mjini. Fundi yupo hapo hapo kijijini, au wewe mwenyewe una karakana ndogo nyuma ya nyumba.

Mimi ni bwana shamba. Huenda ukauliza: bwana shamba na kuchomelea, wapi na wapi? Mvua za kwanza zikinyesha, kila mkulima anaitaka plau yake siku hiyo hiyo. Kiungo kikiachia katikati ya kazi, ng'ombe wanasimama na siku za kupanda zinapita. Kwa hiyo kazi ya fundi inaingia moja kwa moja shambani.

Nimewahi kuona mkokoteni wa ng'ombe uliopakiwa magunia ya mahindi. Ekseli yake ilikuwa imechomelewa wiki moja kabla. Kwa nje kiungo kilikuwa laini na kizuri. Ulipofika kwenye mteremko ekseli ikaachia, gurudumu likatoka na magunia yakamwagika. Kijana aliyekuwa akiswaga ng'ombe aliponea chupuchupu. Tulipoangalia pale palipovunjika tuliona vitundu vidogo vidogo, kama ndani ya andazi. Mashine ya fundi ilikuwa nzima, na fundi alikuwa mzoefu. Lakini vijiti vyake vya kuchomelea vilikuwa vimelala sakafuni mwezi mzima wa mvua.

Kazi ya ganda

Chukua kijiti kimoja ukitazame. Mafundi wengi hukiita rodi. Katikati kuna waya wa chuma. Juu ya waya kuna ganda la unga uliogandishwa. Watu wengine hudhani ganda ni la kuzuia kutu tu. Sivyo. Ganda linapoungua hutoa moshi unaofukuza hewa isiguse chuma kilichoyeyuka. Pia huacha gamba juu ya kiungo, lile ambalo fundi huligonga kwa nyundo. Gamba hilo hukifunika chuma kinapopoa. Mtu aliyeanzisha vijiti vyenye ganda ni Oscar Kjellberg wa Sweden, mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake watu walichomelea kwa waya mtupu, na viungo vyao vilikuwa dhaifu.

Ganda hilo hufyonza maji kutoka hewani, kama chumvi inavyofanya. Maji yameundwa kwa hidrojeni na oksijeni. Kijiti chenye unyevu kikiwaka, joto huyavunja maji, na hidrojeni huingia ndani ya chuma kilichoyeyuka. Chuma kikiganda, sehemu ya hewa hiyo hunaswa ndani. Hapo ndipo vinapopatikana vile vitundu.

Kuna hatari nyingine kubwa zaidi. Katika chuma kigumu, kama springi ya gari au jembe la plau, hidrojeni husababisha nyufa. Nyufa hizi hazionekani siku ile ile. Zinaweza kutokea saa nyingi baadaye, hata siku mbili. Mteja amekwisha kulipa na kwenda zake. Amefunga ng'ombe, na wewe unaamini kazi yako ni nzuri.

Jifunze kusoma namba

Usiende dukani ukasema tu, "Nipe rodi." Mwenye duka atakupa alizonazo. Taja namba. Namba huandikwa kwenye pakiti, na mara nyingi pia juu ya ganda, karibu na ile ncha isiyo na ganda.

Vijiti vinavyotumika zaidi vijijini ni 6013. Tarakimu mbili za kwanza zinaonyesha nguvu ya chuma cha kiungo. Hapa 60 maana yake ni ratili 60,000 kwa kila inchi moja ya mraba kabla hakijakatika. Tarakimu ya tatu, yaani 1, inasema kijiti kinaweza kutumika kwa kila mkao: kulala, kusimama, hata juu ya kichwa. Ungeikuta 2 hapo, kijiti hicho ni cha kazi iliyolala. Tarakimu ya mwisho hueleza aina ya ganda na aina ya umeme. Vijiti vya 6013 huwaka kwa urahisi hata kwenye mashine ndogo. Vinafaa kwa milango, madirisha, viti na kazi nyingi za kawaida.

Kwa kazi inayobeba mzigo mkubwa, au chuma kigumu, mafundi waliosomea hutumia 7018. Kiungo chake kina nguvu zaidi. Ganda lake limetengenezwa ili lisitoe hidrojeni nyingi. Lakini sifa hiyo ipo kikiwa kikavu tu. Kanuni za uchomeleaji za Marekani zinasema kwamba kijiti cha 7018 cha kawaida, kikishatoka kwenye pakiti iliyofungwa au kwenye tanuri, kisikae hewani zaidi ya saa 4. Tena si kila mashine inaweza kukiwasha. Mashine nyingi ndogo za koili, zile zinazofungwa na mafundi wetu wenyewe, hushindwa. Uliza kwanza, kisha nunua vichache ujaribu.

Sasa unene. Kijiti cha milimita 2.5 kinafaa kwa vyuma vyembamba na kinataka umeme wa ampea 60 hadi 90 hivi. Cha milimita 3.2 ni cha vyuma vinene, na kinataka ampea 90 hadi 130. Mafundi wengine hutumia hesabu ya geji. Geji 12 ni karibu milimita 2.5, na geji 10 ni karibu milimita 3.2. Angalia hapo usikosee: namba ya geji ikiwa kubwa, kijiti ni chembamba.

Dukani angalia haya

Angalia pakiti kwanza. Je, plastiki yake haijachanika? Je, boksi halina alama za maji? Kama vijiti vinauzwa kimoja kimoja, mwombe mwenye duka akuonyeshe pakiti vilimotoka. Si utovu wa adabu. Ni fedha yako.

Angalia pia mahali vilipowekwa. Mimi huingia sana katika maduka ya pembejeo, na mara nyingi nimeona vijiti vimewekwa juu ya mifuko ya mbolea. Hapo ni pabaya kuliko pote. Mbolea kama CAN huvuta maji kutoka hewani hata mfuko wake ukaloa. Kitu kilicholala juu yake kitakosaje unyevu?

Halafu chukua vijiti viwili uvigonganishe taratibu. Vikavu hutoa mlio mkali wa chuma. Vyenye unyevu hutoa mlio mzito uliozibwa. Tazama ganda. Likiwa na unga mweupe kama ukungu, vijiti hivyo vimekaa sana au vimepata maji. Likiwa limebanduka, kiache. Mwisho, tazama ncha ya mbele. Waya unapaswa kuwa katikati kabisa ya ganda. Kama ganda ni nene upande mmoja na jembamba upande mwingine, moto utakwenda upande mmoja, na utahangaika nao bure.

Nunua kiasi gani? Kilo moja ya vijiti vya milimita 2.5 ni kama vijiti 50. Kilo moja ya milimita 3.2 ni kama vijiti 30. Hesabu kazi zako za mwezi mmoja, ununue hizo. Ni kweli pakiti kubwa huwa nafuu. Lakini pakiti kubwa iliyofunguliwa masika ikabaki nusu si nafuu tena. Afadhali mafundi wawili wachange, wagawane pakiti siku ile ile.

Na usitupe vipande virefu. Kijiti kina urefu wa sentimita 35. Ukitupa sentimita 5 za mwisho, umetupa sehemu moja katika saba. Hiyo haiepukiki. Ukitupa sentimita 10, umetupa zaidi ya robo ya fedha yako.

Ghala la vijiti

Wewe mkulima unajua kutunza mahindi. Huyaweki sakafuni, unayaweka juu ya chaga. Huyaegemezi ukutani. Unatumia kwanza yaliyotangulia kuingia. Fanya hivyo hivyo kwa vijiti. Sakafu ya saruji hupitisha unyevu hata ikionekana kavu, na ukuta wa matofali ni vivyo hivyo.

Usifungue pakiti mpya kabla ya kumaliza ya zamani. Pakiti ikishafunguliwa, hamishia vijiti kwenye chombo kinachofunga kabisa. Bomba la plastiki la maji machafu, la inchi 3, linafaa sana. Likate sentimita 40, uzibe upande mmoja kwa kifuniko cha gundi, na upande wa pili uweke kifuniko cha kufungua. Debe lenye mfuniko unaobana pia linafaa. Tia ndani vile vipakiti vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya. Viandike namba kwa nje, 6013 mbali na 7018.

Wengine hutumia jokofu bovu. Huweka vijiti kwenye rafu, na chini huwasha balbu ya wati 40 usiku na mchana. Njia hii ni nzuri kwa 6013, kwa sababu joto dogo huzuia unyevu kuingia. Lakini balbu iwe ile ya zamani yenye waya unaowaka ndani. Balbu za LED hazitoi joto la kutosha. Mwite fundi umeme akufungie, kwa maana jokofu ni bati na bati hupitisha umeme.

Unataka kujua kama chombo chako ni kikavu? Weka ndani kisahani chenye chumvi kavu, funga, ulale. Asubuhi chumvi ikiwa imelowa, chombo hakifai.

Waya wa roli

Zipo sasa mashine ndogo zinazotumia waya wa roli badala ya vijiti. Waya unaotumika na gesi huwa umepakwa shaba nyembamba sana. Shaba hiyo huzuia kutu na kusaidia umeme kupita. Waya wa bila gesi una unga ndani yake, na unga huo nao hufyonza unyevu. Roli huuzwa kwa kilo, kama kilo 1, 5 au 15. Kwa karakana ya nyumbani chukua ndogo. Kazi ikiisha, usiache roli ndani ya mashine wiki nzima. Itoe, uitie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge. Kabla ya kuitumia tena, pangusa waya kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikigeuka rangi ya kutu, kata sehemu iliyoharibika utupe. Kutu huziba njia ya waya, na hapo mashine hukwamakwama.

Vijiti vikishapata unyevu

Kuvianika juani hakutoshi. Jua letu, hata la Dodoma, halifikishi nyuzi 100 za Selsiasi. Vijiti vya 6013 vinahitaji nyuzi 100 hadi 150 kwa muda wa saa moja. Kama kijijini kuna tanuri la mikate, mwombe mwenyewe mkate ukishatoka na tanuri likiwa limepoa kiasi. Dondoshea maji kidogo kwenye bati lililo ndani. Yakichemka na kukauka, joto linatosha. Kisha weka kipande cha karatasi. Kikigeuka kahawia, joto limezidi, ngoja kidogo. Panga vijiti kwa safu moja, visilundikane, na usivikaushe mara kwa mara.

Vijiti vya 7018 ni habari nyingine. Hivyo vinataka nyuzi 300 na zaidi, na tanuri la mikate halifiki huko salama. Vya 6010 na 6011 visiingizwe tanurini kabisa, kwa sababu ganda lake limetengenezwa liwe na unyevu kidogo, na ukilikausha unaliharibu.

Kijiti ambacho ganda limevimba au limebanduka hakifai tena kwa kuchomelea. Vile vya 7018 vilivyokaa wazi vitenge kwenye kopo lao na uandike "Mabanda". Vitumie kwa lango la banda la kuku au kiti cha bustani. Mkulima akikuletea ekseli ya mkokoteni, fungua pakiti mpya, umweleze kwa nini bei ya kazi hiyo ni tofauti.