Mbio za baiskeli mteremkoni: Ushindi huanzia kwenye breki

KIJANA wa Kibugu hahitaji kufundishwa maana ya mteremko. Eneo hili la Kaunti ya Embu limekaa kwenye miinuko ya Mlima Kenya, na kadiri mtu anavyoelekea mjini Embu ndivyo ardhi inavyozidi kushuka, mashamba ya majani chai yakipisha yale ya kahawa.

Kwenye njia kama hizo za udongo mwekundu, baiskeli iliyobeba mzigo hushuka kwa kasi bila mwendeshaji kukanyaga pedali hata mara moja. Kwingineko duniani, kushuka huko ni mchezo wenye mabingwa, medali na kanuni kali. Je, ni nini kinachotenganisha mchezo huo na hatari ya kila siku ya barabarani?

Katika mashindano ya kuteremka, washiriki hawaondoki kwa pamoja. Kila mmoja hushuka peke yake, na saa ndiyo huamua mshindi. Mbio zenyewe huchukua dakika chache tu, kwa kawaida kati ya mbili na tano, katika njia yenye mawe, mizizi, kona kali na sehemu za kuruka.

Mchezo huu ulipata umaarufu katika jimbo la California, Marekani. Mnamo Oktoba 1976, vijana wa Marin walianza kushindana kwenye njia ya vumbi iliyoshuka takriban mita 400 katika umbali wa zaidi ya kilomita tatu.

Baiskeli zao zilikuwa kuukuu, zenye breki iliyofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Walipofika chini, joto lilikuwa limeunguza grisi yote, na ilibidi kitovu kifunguliwe kijazwe grisi upya. Ndiposa mbio hizo zikaitwa Repack, yaani kupakia upya. Mashindano rasmi ya dunia yalifuata mwaka wa 1990 mjini Durango, Colorado.

Tangu siku hizo za kwanza, fundisho ni lile lile: anayeshinda si yule asiyeshika breki, bali ni yule anayejua mahali pa kuishika.

Sababu yake ni rahisi. Kasi ikiongezeka maradufu, nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka mara nne, na umbali wa kusimama huongezeka vivyo hivyo. Kwa hivyo, mwendeshaji stadi hupunguza mwendo kabla ya kuingia kwenye kona, kisha huziachilia breki ili tairi zishike ardhi vyema anapopinda. Anayeshtuka akiwa katikati ya kona na kuzibana ghafla huteleza.

Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ikibanwa kwa pupa mteremkoni humrusha mtu juu ya usukani. Ili kuepuka hilo, mwendeshaji husimama juu ya pedali zilizo sawasawa, hukunja magoti na viwiko, na husogeza kiuno nyuma ya kiti penye mteremko mkali. Macho huangalia mbali mbele, si kwenye gurudumu.

Aidha, washindani hukagua njia kwa miguu na kuifanyia mazoezi kabla ya siku ya mbio. Huvaa helmeti inayofunika uso mzima, pamoja na kinga za magoti na viwiko. Baiskeli zao zina springi ndefu na breki za diski, ambazo hazidhoofiki sana wakati wa mvua kama zile zinazobana ukingo wa gurudumu.

Afrika ina bingwa wake katika mchezo huu. Greg Minnaar wa Afrika Kusini alitwaa ubingwa wa dunia mwaka wa 2013 nyumbani kwao Pietermaritzburg, akivuka utepe huku tairi lake la nyuma likiwa limeisha upepo.

Hapa nchini, Mlima Kenya wenyewe umekuwa uwanja wa mashindano ya 10to4, yaliyopewa jina hilo kwa kuwa washiriki hushuka kutoka futi 10,000 hadi futi 4,000. Mbio hizo huchangisha fedha za kuhifadhi mlima huo.

Hata hivyo, ujuzi hauondoi hatari yote. Mnamo Agosti 2022, Mkenya Sule Kangangi, nahodha wa Team Amani na mmoja wa waendeshaji hodari zaidi nchini, alifariki baada ya kuanguka akiwa kwenye kasi kubwa katika mbio za barabara za changarawe jimboni Vermont, Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Iwapo mtu mwenye tajriba kama yake aliweza kupatwa na ajali, sembuse kijana anayeshindana na wenzake bila helmeti, kwenye barabara yenye matatu, bodaboda na watoto wanaotoka shuleni? Mbio halisi hufanyika katika njia iliyofungwa, kukiwa na wasimamizi kwenye kona na huduma ya kwanza karibu.

Miteremko ya Kibugu ipo, na vijana wenye ujasiri wapo. Lakini msimu wa mvua udongo huo mwekundu huteleza kama sabuni, na hausamehi breki iliyolika. Anayeota medali na aanze kwa kukagua breki zake asubuhi, kabla ya kupanda kilele chochote.